Shija

Kwetu pacha hachaguliwi jina.
Aliyetangulia ni Kulwa, aliyefuata ni Doto,
na atakayezaliwa nyuma yao, apende asipende,
ni Shija.
Mama hakumpata Shija.
Miaka arobaini na mitatu jina limekaa bure,
kama sahani ya mgeni aliyeachwa na meli.

Leo wamenionyesha mwili.
Umelazwa mezani, ghorofa ya tatu, Capri Point,
dirisha linatazama ziwa.
Mhandisi Nchambi akaondoa shuka polepole,
kama anafunua maiti, au mkate, sikujua.
Mimi ni mchomeleaji. Karakana yangu iko Nyakato:
mageti, madirisha, viti vya baa.
Nikainamia maungio kwanza.
Kazi safi. Hakuna tone lililozidi.
Kiwiko kinakunja bila kulia.
Nikauliza kuhusu kutu,
maana hewa ya huku hula bati kabla deni la bati halijaisha.
Haushiki kutu, akasema.
Nikauliza kuhusu wadudu wa ziwani,
wale wanaopanda kama moshi na kujazana hata kwenye mdomo wa birika.
Hapo akatoa kalamu, akaandika.

Kulwa yuko Igogo, juu mawemawe, kitandani.
Miguu ilimuaga kwanza.
Kisha mikono, ile iliyosoma mizani Mwaloni
na kuijua kilo ya dagaa kabla mshale haujatulia.
Sasa shingo inasuasua.
Kichwani hajapungua hata gramu:
jana kanikumbusha kwa kope, herufi moja moja,
kwamba sijamlipa elfu nane ya kitenge.

"Tunahamisha ubongo tu," anasema Nchambi,
kama mtu anayehama na redio akaacha nyumba.

Na nyumba je?
Ule utakaobaki, wenye kovu la uji gotini,
tutauzika? Tutakaa matanga?
Nani atanyoa? Nani atapewa pole?
Na yeye mwenyewe atasimama pale kwa miguu ya chuma,
achote udongo, ajitupie?
Fomu haisemi.

Uji ule ulimuunguza yeye.
Mimi ndiye niliyelia.
Mama akaja gizani na asali kiganjani,
akakosea mtoto.
Nikanyamaza, nikapakwa.
Tangu usiku ule sijui maumivu hukaa wapi.

Na uso wake? Huo nitabaki nao mimi,
niuzeeshe peke yangu,
kila alfajiri kwenye kioo cha bafuni
niwe picha ya marehemu ambaye hajafa.

Mji huu jiwe hukaa juu ya jiwe,
kubwa juu ya dogo, ukingoni kabisa,
na hakuna aliyelichomelea.
Nimeyatazama tangu utoto, kwa wivu wa fundi.
Sijui yanashikwa na nini.
Najua tu kwamba hayaulizwi.

Nimemsomea fomu, kurasa kumi na moja.
Akafumba, akafumbua, nikakusanya herufi:
Nitawashwa?
Nikampigia Nchambi.
"Ndiyo," akasema, "siku ya tatu asubuhi,
swichi iko nyuma ya shingo."
Nikampelekea jibu.
Macho yakacheka mpaka yakatoa maji.
Kope zikaanza upya, kwa subira ya karani:
U, N, Y, A, Y, O.

Nikaketi miguuni pake.
Nikamkuna, kwa ukucha wenye masizi,
chini ya kidole gumba, halafu kushoto kidogo,
mpaka akashusha pumzi,
na wayo wangu mimi, ndani ya buti, ukatulia.

Fomu iko chini ya birika.
Kwenye nafasi ya jina la mwili mpya
nimeandika Shija, kwa penseli.
Sahihi bado.